"Ongeza kasi tu, bosi": dhana potofu kuhusu waifai ya ofisi ya pamoja

Ofisi ya pamoja ninayoisimamia iko Kijitonyama, Dar es Salaam: ghorofa ya pili, meza arobaini na vyumba viwili vya mikutano. Wanaokodi meza hapa hawafuati viti, maana viti wanavyo nyumbani. Wanafuata umeme na intaneti. Siku intaneti inasumbua, mtu amelipia nauli na meza bure, na pengine amempoteza mteja. Ndiyo maana inaniuma kuona wasimamizi wenzangu wakitumia fedha nyingi kutibu ugonjwa ambao hawajaupima. Dhana zinazotupotosha ni chache, na mimi mwenyewe nilizishika kwa muda mrefu.

Dhana: Neti ikiwa nzito, dawa ni kifurushi kikubwa zaidi

Tuna mwanachama, dada mmoja anayefundisha Kiswahili kwa njia ya video. Wanafunzi wake wako Ujerumani. Ilifika kipindi, kila ikikaribia saa tisa alasiri, sauti yake inakatika. Siku moja alinifuata mezani akaniambia taratibu, "Kaka, neti yenu inaniaibisha mbele ya wanafunzi wangu." Nikapima kasi ya laini, ikawa nzima. Hata hivyo tukapandisha kifurushi. Baada ya wiki moja alirudi na malalamiko yaleyale.

Ukweli ni kwamba simu ya video haili kasi kubwa. Megabiti 1 hadi 4 kwa sekunde zinaitosha, na sauti peke yake haifiki hata robo ya megabiti. Kinachoiua ni kusubiri. Alasiri moja nilikaa na kompyuta yangu nikipima muda ambao pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inachukua kwenda na kurudi: milisekunde 40, 42, 40, halafu ghafla 700, 800. Nikainua macho. Meza ya tatu kutoka dirishani, kijana wetu anayehariri video za harusi alikuwa amemaliza kazi na ameanza kuipandisha mtandaoni kwa mteja, gigabaiti kadhaa.

Laini yetu upande wa kupandisha ilikuwa megabiti 20 kwa sekunde. Kompyuta ya kijana imeunganishwa na ruta kwa kasi iliyozidi hiyo mara nyingi, kwa hiyo inamwaga data kuliko laini inavyoweza kuzitoa nje. Ruta haikatai mzigo, inaupanga foleni. Foleni ikifika megabaiti 2, hizo ni megabiti 16, na kwa laini ya megabiti 20 zitachukua sekunde 0.8 kuisha. Sauti ya mwalimu, ambayo ni vipakiti vidogo sana, inakuja kusimama nyuma ya harusi nzima: maharusi, kwaito, keki na shangazi wote. Ukiongeza kasi, faili litaisha mapema na foleni itapungua, lakini kila faili jipya litaijenga tena. Tena vifurushi vingi hutangazwa kwa kasi ya kupakua. Ya kupandisha huenda haijaguswa kabisa.

Si tatizo la Dar peke yake. Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, alikutana nalo kwenye laini ya nyumbani kwake mwaka 2010, akawa mmoja wa waliolipigia kelele hadi wahandisi wakalishughulikia. Dawa iliyopatikana ni kuipanga foleni yenyewe. Njia inayoitwa FQ-CoDel, iliyochapishwa rasmi mwaka 2018 kama waraka wa kiufundi wa RFC 8290, na nyingine iitwayo CAKE, hutenganisha kila mazungumzo yanayopita kwenye laini na kuyapitisha kwa zamu, ili mzigo mkubwa usimzuie mwenye kidogo. Zote mbili zimo kwenye OpenWrt, programu ya kuendeshea ruta ambayo ni bure, na kwenye ruta za MikroTik zenye toleo la 7 la programu yake. Kuna sharti moja ambalo wengi hulisahau: mwambie ruta laini ni ndogo kidogo kuliko ilivyo. Mimi niliandika 18 badala ya 20. Ukiandika 20 kamili, foleni itahamia kwenye mitambo ya mtoa huduma, na huko huna mamlaka.

Video ya harusi sasa inachelewa dakika chache zaidi. Kijana hajawahi kulalamika. Mwalimu naye hajarudi mezani kwangu, na kifurushi tumekirudisha kile cha zamani.

Dhana: Mistari ya waifai ikijaa, intaneti ipo

Mistari inakuonyesha jinsi simu yako inavyoisikia ruta, basi. Habari za laini inayotoka nje ya jengo haizijui. Unaweza kuwa na mistari yote na laini imekatika tangu asubuhi.

Dhana: Ukiongeza visambazaji, waifai inakuwa kali

Waifai ni hewa, na hewa ya chumba kimoja ni moja. Kwenye chaneli moja, kifaa kimoja tu ndicho kinachozungumza kwa wakati mmoja. Vingine vyote hunyamaza vikisubiri. Ukifunga visambazaji vitatu kwenye chaneli ileile, umeleta wasemaji watatu kwenye kikao chenye kipaza sauti kimoja. Katika masafa ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi, ingawa ukuta wa zege unayashinda haraka. Kwa ofisi iliyojaa watu, hilo la ukuta ni faida, maana kila chumba kinabaki na hewa yake. Sisi tulipunguza nguvu ya visambazaji badala ya kuiongeza, na hali ikatengemaa.

Kuna mambo mawili mengine yanayochafua hewa ambayo mtu hayadhanii. La kwanza ni maikrowevu. Meza mbili zilizo jirani na jiko letu zilikuwa zinapoteza neti kila siku saa saba mchana, na nilibadilisha nyaya mara mbili kabla sijaona kwamba ni saa ya watu kupasha wali. Maikrowevu hutumia masafa yaleyale ya 2.4 GHz. Tulizihamishia kompyuta za meza zile kwenye 5 GHz, yakaisha. La pili ni hotspoti za simu. Neti ikiyumba dakika mbili, watu kumi wanawasha hotspoti zao, kila moja inakuwa ruta ndogo ndani ya chumba kilekile, na waifai iliyokuwa inayumba sasa inazama. Wanachama wangu nawaomba kila mara: anayelazimika kutumia bando lake aunganishe simu na kompyuta kwa waya wa USB.

Dhana: Ikiandika "imeunganishwa, hakuna intaneti", kosa ni la mtoa huduma

Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini kabla hujapiga simu huduma kwa wateja, hesabu anwani zako. Kila kifaa kinachoingia hupewa namba na ruta, na mpangilio wa kawaida unaokuja na ruta nyingi hauzidi namba 254. Wanachama hamsini wenye simu na kompyuta ni vifaa mia moja. Ikija semina ya watu themanini Jumanne, hao ni mia na sitini zaidi, na namba zimeisha. Ikiwa ruta imeambiwa imwachie mtu namba yake kwa saa 24, wageni wanaondoka jioni na namba zao zinabaki zimeshikwa hadi kesho yake. Jumatano asubuhi mwanachama anayelipa kila mwezi anafika na kukosa nafasi. Punguza muda huo uwe saa moja au mbili kwa mtandao wa wageni, au panua kundi la namba. Ni kazi ya dakika tano na haina gharama.

Dhana: Pasiwedi ipo, kwa hiyo tuko salama

Pasiwedi iliyoandikwa kwenye ubao wa mapokezi inajulikana na kila aliyewahi kunywa chai hapo. Na si suala la watu kutumia bure tu. Kwa mfumo wa ulinzi wa waifai uitwao WPA2, ambao ofisi nyingi bado zinao, mtu anayeijua pasiwedi ya pamoja, akinasa kifaa chako kinapojiunga, anaweza kuyasoma mawasiliano yako yanayopita hewani. Kinachokukinga hapo ni kwamba tovuti nyingi sasa zinatumia HTTPS, ambayo huyafunga mawasiliano kwa ufunguo wake yenyewe. WPA3, iliyotoka mwaka 2018, iliziba tundu hilo. Kama vifaa vyako vinaikubali, iwashe.

Fanya pia haya: washa kile kipengele cha ruta kinachozuia vifaa vya wageni kuonana, kisha tenga mtandao wa ofisi na wa wageni. Printa, kamera za ulinzi na kompyuta ya mhasibu hazina sababu ya kukaa mtandao mmoja na mgeni wa saa mbili. Na badala ya pasiwedi moja, toa vocha, ya siku kwa mgeni na ya mwezi kwa mwanachama. Vocha kila mtu anaizoea tangu enzi za kukwangua muda wa maongezi, na anayeondoka haondoki na ufunguo wa nyumba.

Wengine hujaribu kumfungia mtu kwa anwani ya kifaa chake (MAC, si ile namba inayotolewa na ruta). Siku hizi haisaidii sana. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujitengenezea anwani ya bandia kwa kila mtandao, na mwenye simu akitaka kuibadilisha anaibadilisha.

Dhana: Msimamizi wa waifai anaona kila ninachofanya

Wanachama huniuliza hili kwa sauti ya chini, na wanastahili jibu la wazi. Ujumbe wako wa WhatsApp siuoni, wala nywila ya benki yako. Ninachoweza kuona ni kifaa gani kimeingia, saa ngapi, kimetumia data kiasi gani, na kwa kawaida majina ya tovuti kilizozungumza nazo. Hayo si kidogo. Ukichanganya na jina na namba ya simu uliyoandika ulipochukua vocha, ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Daftari la wageni linaloachwa wazi mapokezi, kila anayejisajili akisoma namba za waliomtangulia, ni kosa ambalo naliona karibu kila ofisi ninayotembelea. Tafadhali lifungeni.

Dhana: Nina watoa huduma wawili, siwezi kukosa neti

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika mbali kusini mwa pwani yetu, upande wa Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na intaneti ya kuchechemea. Jumatatu nilifungua ofisi nikiwa na watoa huduma wawili, na wote walikuwa taabani. Nembo ni mbili, ankara ni mbili, lakini safari ya data ilipita njia moja. Tangu siku hiyo, kabla ya kusaini na mtoa huduma wa pili huwa namuuliza data zake zinatokea mkongo upi, na waya wake unapita nguzo zipi kufika hapa. Greda la barabara likichimba mtaani halichagui waya wa kampuni.

Halafu kuna umeme. Ruta yetu ilikuwa kwenye betri, na nilijiona nimemaliza. Umeme ulipokatika ruta iliwaka vizuri kabisa, neti hakuna. Kile kiboksi cheupe cha faiba kando ya mlango, ambacho hakuna anayekiangalia, kilikuwa kimechomekwa kwenye soketi ya kawaida. Fuata waya kwa mkono kuanzia ukutani, kifaa kimoja baada ya kingine, mpaka meza ya mwisho, na kila chenye taa kipeleke kwenye betri.