Je, wajua kwa nini mtoto mwenye usonji hakutazami machoni?

Mtoto wa miezi miwili akinyonya humtazama mama yake machoni. Je, yule atakayekuja kugundulika ana usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa jinsi mtu anavyohusiana na wenzake, naye hutazama hivyo?

Hutazama. Watafiti Warren Jones na Ami Klin, huko Atlanta nchini Marekani, waliwafuatilia watoto 110 tangu miezi 2 hadi miaka 3, zaidi ya nusu yao wakiwa na kaka au dada mwenye usonji. Waliwaonyesha video za mwanamke akiwabembeleza, huku mashine ikirekodi jicho la mtoto linatua wapi. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Katika miezi 2, waliokuja kuonekana na usonji walitazama macho kama wenzao. Kati ya mwezi wa 2 na wa 6 kutazama kule kukawa kunapungua kidogo kidogo, kiasi ambacho mzazi hawezi kukigundua.

Na ubongo mchanga hujijenga kwa kile unachokizoea. Anayetazama nyuso kila siku hujifunza kusoma kicheko, hasira na zamu ya kuongea. Mwaka 2017 picha za MRI, mashine inayopiga picha ndani ya mwili, zilionyesha kwamba kwa watoto wanaokuja kugundulika na usonji gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, hutanuka haraka kupita kawaida kati ya miezi 6 na 12, kisha ubongo wote hukua kwa kasi katika mwaka wa pili, wakati uleule dalili za kijamii zinapojitokeza.

Mama hana kosa. Nalisema wazi kwa sababu hata madaktari wa Marekani waliwahi kuwalaumu akina mama kwa miaka mingi, eti hawana mapenzi. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, ambao urithi wao ni mmoja, jozi 4 walikuwa na usonji wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Urithi una sehemu kubwa.

Watu wazima wengi wenye usonji husema kumtazama mtu machoni huku wakimsikiliza kunawachosha. Wakitazama pembeni ndipo wanaposikia vizuri. Kwa hiyo usimshike mtoto kidevu ukimwamuru akuangalie.

Tena kwetu mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa, hivyo macho peke yake yasikutie hofu. Mwite jina akiwa amekupa mgongo: wa mwaka mmoja kwa kawaida hugeuka. Akiona ndege, anakuonyesha kwa kidole ili nawe uione? Kama hafanyi hivyo afikapo mwaka na nusu, mpeleke kliniki, ukamweleze daktari hayohayo uliyoyaona.