Roald Dahl hakutunguliwa
Wengi bado husimulia kwamba Roald Dahl, rubani wa vita aliyekuja kuwa mwandishi wa watoto, alitunguliwa na adui Libya. Sivyo. Septemba 1940, kijana huyu aliyewahi kufanya kazi Shell, Dar es Salaam, na kujifunza urubani Nairobi, alipewa maelekezo yasiyo sahihi ya mahali kilipo kikosi chake. Giza likaanza kuingia, mafuta yakakaribia kuisha. Akajaribu kutua jangwani, ndege yake aina ya Gladiator ikagonga jiwe. Fuvu likapasuka, akapofuka kwa muda. Habari ya kutunguliwa ilienezwa na jarida la Marekani mwaka 1942. Baadaye Dahl mwenyewe alieleza kuwa ilikuwa ajali. Ujasiri wake hauhitaji kutiwa chumvi: Aprili 1941 alipambana na ndege za Wajerumani katika anga la Ugiriki.