Mwanafunzi Anapotibu Mzizi wa Jino, Jalada Nalo Ni Tiba

Malalamiko yanayofika kwenye kliniki za mafunzo yanafanana: "Mwanafunzi aliandika kuliko alivyotibu," au "Jino moja, eksirei nne!" Tunayapokea kwa heshima. Ila mengi huzaliwa na dhana kwamba tiba ni kitu kimoja na maandishi ni kingine.

Mifereji ya mzizi, yaani njia nyembamba zilizo ndani ya mzizi wa jino ambazo husafishwa na kuzibwa, imejificha. Urefu wake hupimwa kwa milimita kuanzia sehemu maalumu ya taji la jino, na sehemu hiyo lazima iandikwe. Isipoandikwa, atakayelipokea jino hilo wiki ijayo atapima upya au atabahatisha. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mifereji minne. Jalada la mgonjwa likitaja mitatu bila kueleza kama wa nne ulitafutwa, msimamizi hatii saini.

Kuhusu hizo eksirei: moja kabla ya kuanza, moja ya kupima urefu, moja ya kuhakiki kabla ya kuziba, na ya mwisho baada ya kuziba. Hiyo ya mwisho huonyesha kama ujazo, yaani kitu kilichozibia mfereji, umeshiba bila mapengo na umeishia ndani ya milimita 2 kutoka ncha ya mzizi, bila kuipita. Ukiishia mbali, mara nyingi huamriwa utolewe na kazi irudiwe. Ndiyo, mgonjwa huchoka. Msimamizi pia.

Jalada lisilo na tarehe, namba ya jino, aina na kiasi cha ganzi, dawa ya kusafishia na saini halimpi mwanafunzi alama, hata kama jino limetulia. Aliyesahau aongeze, aandike kwamba ni nyongeza, na aweke tarehe ya siku anayoongeza. Anayefuta maandishi ya awali hujibu kinidhamu. Sindano ya kusafishia (kifaa chembamba cha chuma cha kukwangua mfereji, si sindano ya ganzi) ikikatikia ndani ya mfereji, jambo linalowapata hata mabingwa, mgonjwa aambiwe siku hiyohiyo na iandikwe. Kuficha ndiko kunakoadhibiwa.

Na kwa mara nyingine tena: maumivu kuisha si jino kupona. Wapo wanaotoweka na kizibo cha muda mdomoni, kisha wanarudi jino limepasuka na lawama ni za mwanafunzi. Kizibo cha muda ni cha muda. Baada ya mwaka 1 utaitwa kwa eksirei ya ufuatiliaji. Njoo hata kama huumwi, na kama umebadilisha namba ya simu, tuarifu iandikwe kwenye jalada.