“Haifanyi kazi” hainitoshi

Ripoti nyingi ninazopokea kuhusu programu huria ninazozitunza husema tu “haifanyi kazi”. Naamini kabisa. Lakini kwangu inafanya kazi, na kabla sijarekebisha chochote lazima kwanza niione hitilafu ikitokea kwenye kompyuta yangu. Nikishaiona, mara nyingi kilichobaki ni chepesi.

Kwa hiyo nieleze ulifungua nini, ukabofya wapi, ukaandika nini, kwa mpangilio uleule. Kisha sema ulitarajia nini na ukapata nini. Ujumbe wa kosa unakili neno kwa neno, usitume picha yake tu, maana mwenye tatizo kama lako hutafuta kwa maneno. Toleo nalo litaje kwa namba. “La kisasa kabisa” halina maana kwangu: toleo thabiti la Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, hukaa na toleo lilelile la programu kwa miaka, huku waandishi wa programu hiyo wakiwa wameshatoa mengine kadhaa. Ukiwa unatumia Debian, amri ya reportbug itakuandalia taarifa hizo yenyewe.

Dhana zako nazikaribisha, ila zitenge na ulichokiona. Mtu aliyeona dirisha jeupe akaniandikia kwamba hifadhidata imeharibika atanipotezea jioni nzima.

Ripoti ninayoithamini kuliko zote ni ile iliyopunguzwa. Tuseme una hati ya kurasa 200 na kila ukiifungua, LibreOffice, programu ya kuandikia hati, inajifunga. Tengeneza nakala, futa nusu, jaribu. Bado inajifunga? Futa nusu ya iliyobaki. Imeacha? Rudisha uliyoifuta, uondoe ile nusu nyingine. Endelea hivyo mpaka ubaki na jedwali moja au picha moja, ndiyo unitumie. Watunzaji nao hufanya vivyo hivyo upande wa msimbo kwa git bisect, amri inayotafuta ni badiliko lipi la msimbo lililoleta hitilafu: hitilafu iliyojificha ndani ya mabadiliko 1,000 hupatikana kwa majaribio kama 10, kwa kuwa kila jaribio huondoa nusu. Kazi hii inachosha, sikatai, lakini haihitaji ujue kuandika programu.

Kabla ya kutuma, zima viendelezi, yaani vijiprogramu vya nyongeza, ujaribu tena. Tafuta pia kama kuna aliyekutangulia. Ukimkuta, ongeza taarifa mpya chini ya ripoti yake. “Hata mimi” peke yake si taarifa.

Hitilafu za usalama zina njia yake. Mfano ni Heartbleed, hitilafu iliyotangazwa Aprili 2014: ilimwezesha mtu wa mbali kusoma sehemu za kumbukumbu ya seva zilizotumia matoleo fulani ya OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni. Ukigundua kitu cha namna hiyo, usikiweke hadharani kwanza. Miradi mingi ina anwani ya faragha kwa ajili hiyo. Na hata kwa hitilafu ya kawaida, pitia faili unazoambatisha uondoe manenosiri, maana ripoti zetu husomwa na yeyote.

Nikikuuliza swali, nijibu, hata kama jibu ni kwamba kompyuta ile huna tena. Nisiposikia kitu, nitaifunga ripoti. Ukirudi na hatua za kuirudia hitilafu, nitaifungua.