Roho Saba Hazimwokoi Paka: Dhana Potofu Kuhusu Afya ya Mbwa na Paka

Mengi tunayoamini kuhusu afya ya mbwa na paka hatukuyasoma popote, tuliyasikia tu. Na karibu yote yana asili moja: tunampima mnyama kwa mwili wetu sisi. Nianze na dhana inayoua upesi.

"Dawa ya mtu ukiipunguza inamfaa na mnyama"

Twasema paka ana roho saba. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinaweza kuzimaliza zote. Ini la binadamu lina vimeng'enya vya kuibadili dawa hiyo ili itoke mwilini salama. Vya paka ni hafifu mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo dawa inageuka sumu na kuishambulia damu. Damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinakuwa za kahawia au za bluu, uso na miguu vinavimba, na paka anahema kwa taabu. Kukikata kidonge nusu au robo si dawa ya tatizo hili, kwani kwa paka hakuna kipimo cha parasetamoli kilicho salama. Mbwa naye ana adui yake: ibuprofeni humtoboa vidonda tumboni na kuharibu figo.

Hata dawa ya mbwa usidhani ni ya paka. Zipo dawa za viroboto zenye permethrini ambazo mbwa hudondoshewa mgongoni na asipate tabu yoyote. Paka akidondoshewa hiyo hiyo hutetemeka, hupata degedege, na anaweza kufa. Akijilaza ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa pia yumo hatarini. Ikitokea bahati mbaya, usikae kungoja dalili. Mchukue mnyama pamoja na pakiti ya dawa, uende kwa daktari wa mifugo.

"Kitunguu saumu kinatoa minyoo"

Kinachotoa ni uhai wa chembe nyekundu za damu. Vitunguu vyote, saumu na maji, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huzivunja chembe hizo kwa mbwa na kwa paka, paka akiwa ndiye dhaifu zaidi. Upungufu wa damu huja siku kadhaa baadaye, ndiyo maana mwenye mnyama hakumbuki kukilaumu kitunguu.

Minyoo yenyewe ina habari ndefu. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa nayo, kwa sababu viluwiluwi vya minyoo mviringo hutoka kwa mama na kuwaingia wangali tumboni, kisha wengine huongezewa kwenye maziwa yake. Paka wadogo huipata kwa kunyonya. Kile kitumbo cha duara tunachokifurahia tukisema "huyu kashiba" mara nyingi ni minyoo mitupu. Ndiyo maana mtoto wa mbwa huanza dawa akiwa na wiki mbili tu, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka anapokuwa ameacha kunyonya. Ukiona vipande kama punje za mchele kwenye manyoya ya mkiani, huyo ni tegu, na mara nyingi mnyama humpata kwa kumeza kiroboto wakati anajilamba. Ukitoa minyoo na kuacha viroboto, tegu atarudi.

"Paka bila maziwa si paka"

Akishaacha kunyonya, uwezo wake wa kusaga sukari ya maziwa hupungua. Wengi huharisha. Anachohitaji ni maji.

"Pua kavu ni homa"

Pua hukauka mnyama akilala, akiota jua, au bila sababu yoyote. Wala kiganja hakipimi homa: joto la kawaida la mbwa na paka ni kama nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo mzima kabisa atakuwa wa moto mkononi mwako. Kipimajoto huingizwa sehemu ya haja kubwa, na hakuna mkato.

Cha kuangalia ni kingine. Paka asiyekula siku mbili au tatu, hasa aliyenenepa, ini lake linaweza kuanza kujaa mafuta. Na paka dume anayechuchumaa kila mara bila kutoa kitu, watu husema amefunga choo, kumbe njia ya mkojo imeziba. Huyo usimlaze hadi kesho, maana hali hiyo huua ndani ya siku chache.

"Kichaa cha mbwa huletwa na njaa, jua kali au nyama mbichi"

Huletwa na kirusi kilicho kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Kutoka kwenye jeraha, kirusi hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, safari ya wiki kadhaa au hata miezi. Paka nao huugua na kuambukiza, na mtoto wa mbwa mwenye sura ya huruma pia.

Tena si kila mwenye kichaa hutoa povu na kukimbia ovyo. Wapo wanaopoa, taya likalegea, wakashindwa kumeza. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa, akaingiza mkono kinywani kuutafuta. Na kuogopa maji ni dalili ya binadamu mgonjwa. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuvuka mto.

Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Polepole ya kirusi ndiyo nafasi yetu: Julai 1885, mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa, siku mbili baada ya kung'atwa, na akapona. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa mbwa na paka, chanjo ya kwanza kwa kawaida hutolewa wakifika miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha hufuata ratiba ya daktari.

"Mwache azae mara moja kwanza"

Uzazi huo mmoja haumwongezei afya. Mbwa jike akitolewa kizazi kabla ya joto lake la kwanza, yaani kipindi cha kutaka dume, hatari ya uvimbe wa matiti hupungua sana, na usaha wa kwenye mji wa mimba haumpati. Umri unaofaa hutegemea aina na ukubwa wake, hilo mwulize daktari. Paka jike yeye anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne, kabla hujamaliza kumwita mtoto.

"Akinguruma ana raha"

Paka aliyevunjika mguu naye hunguruma akiwa mezani kwa daktari. Tazama masikio, mkao na hamu ya kula kabla ya kumwandika kuwa mzima.