Makaa ya filta hayaondoi amonia

Samaki wanatweta juu ya maji, na swali ni lile lile: "Niongeze makaa?" Usiongeze. Pima amonia (sumu itokanayo na taka za samaki), badilisha nusu ya maji (klorini iondolewe kwanza), acha kulisha kwa siku mbili.

Makaa amilifu, yaani makaa ya filta yaliyotengenezwa kuwa na vinyweleo vingi, hunasa rangi ya njano, harufu na mabaki ya dawa, na huvunja klorini. Amonia huyapita tu. Kazi hiyo ni ya bakteria wa kwenye sponji, ambao katika tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 kutosha.

"Mbona nilipotupa makaa amonia ilipanda?" Hapa ndipo imani hii inapozaliwa. Makaa yaliyokaa miezi mitatu yameshachoka, lakini yamejaa bakteria. Ukayatupa, na siku hiyo hiyo ukasugua sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, umefukuza wafanyakazi wote kwa mpigo. Aliyekuwa anakula amonia ni mpangaji, sifa akapewa nyumba. Makaa ya zamani yatoe wiki hii, sponji ikamue wiki ijayo, tena ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe.

Na tafadhali, acheni kuyachemsha mkidhani yatafanya kazi upya! Kiwandani huamilishwa kwa mvuke wa nyuzi 800 hadi 1,000. Sufuria yako inaishia 100. Unaosha vumbi tu. Mkaa wa jikoni nao haujaamilishwa: vinyweleo vyake ni haba, na jivu lake hupandisha pH (maji huwa ya alkali zaidi).

Kipimo: gramu 50 hadi 100 kwa lita 100, kwenye mfuko wa wavu, yasuuzwe mpaka maji yatoke meupe. Yakae baada ya sponji, na mfuko ujaze nafasi yake, la sivyo maji yatapita pembeni.

"Badilisha kila wiki 4" ni kubahatisha kwa heshima. Gogo jipya la pambo ndani ya tangi, linalotoa rangi, laweza kuyamaliza mapema zaidi. Mimi naamini karatasi nyeupe nyuma ya kioo: njano ikirudi, yamekwisha. Ila karatasi haioni kila kitu. Kuna vinavyobaki majini bila rangi, na vingi kati ya hivyo havina kipimo cha nyumbani.

Ukitibu kwa methylene blue, toa makaa kabla ya tone la kwanza. Ukisahau, aliyetibiwa ni filta. Tiba ikiisha, weka mapya yamalizie dawa iliyobaki.