Limfoma ikirudi: seli shina si dawa yenyewe

Dhana: Katika upandikizaji wa seli shina, yaani seli mama zinazozalisha damu, seli mpya zinaingizwa mwilini zikapigane na saratani.

Hili ndilo kosa linalozaa mengine. Kwa wagonjwa wengi ambao limfoma, saratani ya chembe nyeupe za kinga, imewarudia, seli zinazopandikizwa ni zao wenyewe, na hazina ugomvi wowote na saratani. Kinachoua limfoma ni kemotherapia ya dozi kubwa mno, ambayo huteketeza pia uloto, yaani uboho wa ndani ya mifupa unakotengenezwa damu. Kwa hiyo seli shina huvunwa mapema na kugandishwa, kisha hurudishwa dawa zikishapita. Kazi yao ni kumwokoa mgonjwa na dawa.

Dhana: Ni upasuaji mkubwa.

Hakuna kisu. Sindano huzisukuma seli shina zitoke kwenye uloto na kuingia kwenye damu, na mashine huzichuja. Siku ya kuzirudisha, mgonjwa hutundikiwa mfuko kama anayeongezewa damu, na seli hujitafutia njia hadi mifupani. (Chumba chaweza kunuka kama kitunguu saumu, ni kemikali ya kuhifadhia.) Ugumu huja baadaye. Kwa wiki mbili hivi chembe nyeupe zinakuwa karibu hazipo, mdomo unajaa vidonda, na homa yoyote ni dharura.

Dhana: Kila aliyerudiwa na limfoma anafaa.

Jaribio la PARMA, lililochapishwa 1995, hunukuliwa sana: baada ya miaka 5, asilimia 46 ya waliopandikizwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 12 ya waliopewa kemotherapia ya kawaida. Kinachosahaulika ni kwamba wagonjwa wote 109 waliolinganishwa walikuwa wamekwisha kuitikia kemotherapia. Limfoma isiyosikia dawa haitishwi na dozi kubwa kirahisi. Ile ya seli B kubwa (seli B ni aina ya chembe za kinga) ikirudi ndani ya mwaka mmoja, siku hizi tiba ya CAR-T hutangulizwa inapopatikana. Hapo ndipo seli, yaani chembe za kinga za mgonjwa zilizobadilishwa maabara, hupigana kweli.

Dhana: Lazima ndugu achangie.

Kwa wachache tu, mara nyingi seli za mwenyewe zikishindwa. Kinga ya mchangiaji hushambulia limfoma, ila yaweza kugeukia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa.

Dhana: Ukiruhusiwa kwenda nyumbani, yamekwisha.

Kinga ya chanjo za utotoni hufifia, hivyo hudungwa upya. Uwezo wa kuzaa pia waweza kupotea. Kuhifadhi mbegu au mayai kuzungumzwe kabla ya dozi ya kwanza.